Uliza Mama Kaseti: Delon wa Kofia au Delon wa Masharubu?

*Mama Kaseti, yambo. Mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tuna miezi miwili hatusalimiani vizuri kwa sababu ya Mfaransa aliyekufa zamani, mwongozaji wa sinema Jean-Pierre Melville. Sote wawili tunampenda. Ugomvi ni huu: katika filamu zake za majambazi na polisi, ipi ndiyo kubwa kuliko zote? Mimi nasema Le Samouraï ya 1967, na sioni kwa nini tujadili: Alain Delon, koti la mvua, kofia, chumba kitupu, ndege ndani ya tundu. Yeye anasema Le Cercle rouge ya 1970, na ukimuuliza sababu anajibu, "Kwa sababu mle Delon ana masharubu." Tumewekeana kasiye (kreti) nzima ya bia ya Simba. Mke wangu amesema wewe ndiwe utakayekata maneno, kwani kaseti hizo zote baba yao marehemu alizikodi kwako. Fanya haraka, Mama. Kuna ubatizo Jumapili ya pili na tumepangwa meza moja.*
*Fundi wa mabati, Katuba*

Fundi, baba mkwe wako namkumbuka sana. Alikuwa mpenzi wa kaseti na mwizi wa siku: anakodi Ijumaa, anarudisha Alhamisi, faini analipa kwa karanga. Mungu amrehemu.

Kwa wasomaji vijana wanaodhani jina langu ni utani: tangu 1991 hadi 2005 nilikuwa na kibanda cha kukodisha kaseti za video pale komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi. Nilipofungua, nchi ilikuwa bado inaitwa Zaïre. Kaseti za karate nilizipata kwa njia ya Lusaka. Za Kifaransa alinitumia dada yangu kutoka Brussels, zimeviringishwa ndani ya suruali za mtumba zisivunjike njiani. Sinema sikuisomea popote. Nilichosoma mimi ni kaseti zinavyorudi.

Mlangoni nilibandika karatasi: RUDISHA MKANDA MWANZO. Hakuna aliyerudisha. Mkanda ulinirudia umesimama palepale mteja alipoachia, na mimi nikiuweka kwenye mashine ya kuurudisha naona kila kitu: huyu alilala hapa, huyu umeme ulimkatikia hapa, huyu hapa alipatazama mara nne mpaka picha ikaanza kutetemeka. Daktari ana mkojo wa mgonjwa, mimi nilikuwa na mkanda wa mteja.

Sasa sikiliza Le Samouraï yako ilivyokuwa inarudi. Ilirudi siku ileile, wakati mwingine saa ileile, imesimama dakika ya saba au ya nane. Kijana ananiwekea mezani kwa hasira: "Mama, kaseti yako ni bubu." Mwanzoni nilikuwa namrudishia pesa. Baadaye nikaweka televisheni ndogo nyuma ya kaunta, nikawa namwambia, kaa hapa, subiri dakika kumi zitimie. Maana unajua mwenyewe, filamu ile inaanza na mtu amelala kitandani anavuta sigara, moshi unapanda, ndege analia, basi. Anaamka, anavaa koti, anasawazisha ukingo wa kofia mbele ya kioo, anatoka, anaingia kwenye gari la mtu, Citroën DS, anatoa pete kubwa yenye funguo nyingi na kuzijaribu moja baada ya moja, mvua inapiga kioo, yeye wala hageuzi kichwa. Zinapita kama dakika kumi kabla ya mtu kufungua mdomo. Neno la kwanza linapotoka, kijana wangu kwenye kaunta anaruka: "Eh! Kumbe inasema!"

Le Cercle rouge nayo haisemi sana, tena ni ndefu, dakika 140. Lakini ilirudi imefika mwisho. Karibu kila mara, majina ya waigizaji yameshapita, mkanda umekwisha kabisa. Na pale palipokwaruzika kwa kurudiwarudiwa ni palepale kwa kila mteja, nitapataja baadaye.

Hiyo haikuwa sababu ya kunibadilisha, naomba unielewe. Wateja wangu hawahawa walimaliza mpaka mwisho takataka nyingi tu. Mimi mwenyewe kwa miaka mitano nilikuwa upande wako. Le Samouraï niliitazama hadi nikajua sauti ya yule ndege inaingia wapi. Bado naona haina kosa: rangi zile za kijivu, kama mtu ameifua picha mara nyingi, yule mpiga piano mweusi, Cathy Rosier, anayemtazama muuaji usoni na kuwaambia polisi kwamba siye, ule msako ndani ya metro ya Paris, polisi wakimfuata kwa taa zinazowaka kwenye ramani. Delon alipofariki Agosti 2024 nilipigiwa simu siku nzima na watu wakinipa pole, utadhani mimi ndiye mjane. Na wote walikuwa wanamlilia Delon yule wa kofia.

Aliyenibadilisha ni baba yangu.

Baba alifanya kazi ya tanuru. Katika mji huu, ambako shaba ya kwanza ya kiwandani ilimiminwa 1911, hilo si jambo la kujisifu, kila nyumba ya pili ina mtu wa namna hiyo. Mwaka 1996 alikuwa amestaafu na masikio yalikuwa yanamtoka. Filamu za maneno mengi zilimuudhi. Alikuwa anatazama midomo ikicheza na kununa. Jumapili moja, baada ya kula bukari na lengalenga, nikamwekea Le Cercle rouge kwa hesabu nyepesi tu: hawa hawazungumzi, mzee hatakosa kitu.

Unaijua hadithi. Corey, ndiye Delon, anatoka gerezani Marseille. Vogel, ambaye ni Gian Maria Volonté, anamponyoka kamishna wa polisi kwenye treni na kujificha ndani ya buti ya gari la Corey bila kujua ni la nani. Corey anaendesha hadi shambani, kwenye matope, mahali hakuna mtu, anasimama mbali kidogo na kumwambia mtu aliye ndani ya buti atoke. Alikuwa anajua tangu zamani kwamba yumo. Vogel anatoka na bastola. Corey anamrushia pakiti ya sigara, halafu kibiriti cha gesi. Hawajaambiana majina, na tayari wameshakuwa ndugu. Baba akacheka hapo. Akasema kazini ilikuwa hivyohivyo, mtu mpya anakuja zamu ya usiku, humuulizi ametoka kijiji gani, unamtazama anavyoshika koleo.

Kisha akaingia Jansen, yaani Yves Montand. Polisi wa zamani, mlenga shabaha hodari, sasa mlevi aliyeharibika, anaona mijusi na panya na nyoka wakipanda kitandani kwake. Wenzake wanamhitaji kwa risasi moja tu: duka la vito pale Place Vendôme, Paris, lina king'ora kinachozimwa kwa kufuli ukutani, ng'ambo ya ukumbi ambao huwezi kuukanyaga. Lazima apige ndani ya tundu la kufuli kutoka mbali. Risasi ya kawaida ingevunja. Basi Jansen anajitengenezea yake, kwa kuchanganya madini ya risasi, antimoni na bati, ili iwe laini ya kutosha kujaza tundu. Hapa Kiswahili chetu kimewazidi Wafaransa: sisi madini hayo na kile kinachotoka kwenye bunduki tunaviita kwa neno moja, risasi. Jansen anamimina risasi ya risasi.

Baba akainua mkono nisimamishe. Nikasimamisha. Akanifundisha somo zima, mimi ambaye kwa miaka yote ile sikuwahi kumuuliza kazi yake. Shaba, akasema, inataka joto la nyuzi 1085, ni mnyama. Risasi tupu inayeyuka kwa 327, hata jikoni kwa mama yako inayeyuka. Ukiongeza bati, inayeyuka mapema zaidi. Antimoni ndiyo inayofanya ishike umbo, isinywee ikipoa. Na mchanganyiko huohuo, akasema, ndio wachapaji wa zamani walikuwa wanamiminia herufi za magazeti. (Ninapoandika safu hii nalikumbuka hilo kila mara, ingawa gazeti letu siku hizi linachapwa kwa kompyuta.) Halafu akasema, kwa Kiswahili chetu cha huku: "Huyu njo mutu wa kazi. Washa."

Sasa pale palipokwaruzika. Ni wizi wenyewe, kama dakika 25, bila mazungumzo. Watu wanapanda, wanafungua, wanamfunga mlinzi, wanangoja. Jansen anakuja amevaa suti nzuri, amenyolewa, mikono haitetemeki. Anaifunga bunduki kwenye stendi ya miguu mitatu, anapima, anapima tena. Halafu anaichomoa, anaiweka begani na kupiga kwa mkono mtupu. Wateja wangu wote walirudisha hapo. Nami nikamtazama baba: machozi. Mtu huyu hakulia kwenye mazishi ya kaka yake. Aliona nini? Hakuniambia. Mimi nadhani aliona mtu aliyekwisha kuhesabiwa si kitu, anapewa tena kazi anayoijua, na mikono inakumbuka. Mwaka ule, hapa Lubumbashi, wanaume wa namna hiyo walikuwa wamejaa kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba zao.

Baadaye Jansen anatoa chupa yake ndogo ya mfukoni, anainusa, anaifunga. Na fungu lake la vito analikataa. Halitaki. Alichokuwa anakitaka ameshakipata.

Ndiyo maana, Fundi, nimeamua Le Cercle rouge. Jef Costello wa Le Samouraï ni mzuri mno, na uzuri wake unanichosha. Anajua kwamba anatazamwa. Hana rafiki, na mke wa kweli wa Delon wakati ule, Nathalie, anacheza ndani kama mwanamke anayemwongopea polisi kwa ajili yake, naye Jef hampi hata shukrani inayoeleweka. Ni picha ya kutundika ukutani, nami niliitundika, kwenye kibanda, miaka kumi. Lakini kwenye Le Cercle rouge kuna watu wanaotegemeana. Wewe unayepiga bati kwenye paa na kijana aliye chini anakurushia misumari, unalijua hilo kuliko mimi. Huwezi kumpigia kelele kila dakika. Lazima awe anajua unataka nini.

Tena kuna Bourvil. Wafaransa walikuwa wamemzoea kama mchekeshaji. Wengi wenu mmemwona kwenye La Grande Vadrouille ya 1966 pamoja na Louis de Funès. Melville akamvua uchekeshaji wote akamfanya kamishna Mattei, mtu wa paka watatu, anayefika nyumbani, anawasalimu paka, anafungua maji ya kuoga, anawapa chakula. Alicheza akiwa mgonjwa wa kansa, akafa Septemba 1970, filamu ikatoka Oktoba. Hakuuona ule umati: tiketi zaidi ya milioni 4 ziliuzwa Ufaransa, hakuna filamu nyingine ya Melville iliyofika huko.

Wasomaji wengine najua mtaniandikia. Le Doulos ya 1962, ambayo jina lake katika lugha ya wahuni wa Paris ni kofia na pia ni mtoa habari wa polisi, ina ujanja mwingi. Ukiimaliza inabidi uianze upya ujue nani alikuwa anamdanganya nani. Ni ya pili kwangu. Le Deuxième Souffle ya 1966 ina Lino Ventura, na mtu akisema Lino Ventura ni bora kuliko Delon mimi simpingi. L'Armée des ombres ya 1969 huenda ni kubwa kuliko zote, lakini wale ni wapiganaji dhidi ya Wajerumani, si majambazi, na wewe uliniuliza majambazi. (Melville mwenyewe alikuwa kwenye upinzani ule wakati wa vita. Ukiangalia wanavyokutana kwa siri, wanavyovaa, wanavyomuua aliyewasaliti, unaona majambazi wake wamejifunzia wapi.) Un flic ya 1972, ya mwisho, tuiache. Ile treni na helikopta vinaonekana wazi ni vya kuchezea, na watoto waliokuwa wanachungulia kibandani kwangu walicheka kuliko kwenye vichekesho.

Kuhusu kasiye. Umeshindwa, Fundi. Lakini shemeji yako ameshinda kwa sababu ya kijinga, na masharubu siwezi kuyapa hukumu ya chupa kumi na mbili. Utalipa sita. Sita nyingine atanunua yeye, mzinywe kwenye ubatizo, na mkishafika ya tatu mwulize kama anakumbuka Jansen alinusa nini.

*Mama Kaseti, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Katika TFC yangu (kazi ya kuandika ya kumalizia masomo) nataka kuanza na yale maneno ya Buddha yanayofungua Le Cercle rouge, kwamba watu wakiandikiwa kukutana, hata wapite njia zipi, siku ikifika watakutana ndani ya duara jekundu. Profesa anataka jina la kitabu na ukurasa. Nimetafuta wiki tatu. Unaweza kunisaidia?*
*Mwana wa TFC, Kampemba*

Mwanangu, acha kutafuta. Hakuna ukurasa. Melville aliyatunga mwenyewe akamvika Buddha. Alikwisha kufanya hivyo miaka mitatu nyuma: Le Samouraï inafunguliwa na maneno kuhusu upweke wa samurai na chui milia wa msituni, na chini yake imeandikwa kwamba yametoka kwenye kitabu cha Bushido, yaani kanuni za wapiganaji hao wa Japani. Nayo ni yake. Wajapani wenyewe wangeyatafuta wasiyapate.

Usishangae sana. Hata hilo la Melville si jina alilozaliwa nalo. Alizaliwa Paris 1917 akiitwa Grumbach. Melville alilichukua wakati wa vita, kwa kumpenda Herman Melville, Mmarekani aliyeandika hadithi ya nyangumi Moby-Dick. Akaongeza kofia ya Kimarekani na miwani myeusi, akatembea Paris hivyo mpaka alipokufa 1973 akiwa na miaka 55.

Kwenye TFC andika: "Maneno ya Jean-Pierre Melville, yaliyosingiziwa Buddha." Profesa ataona umefanya utafiti. Na wiki tatu zako usizihesabu kuwa hasara, mimi niliyanukuu maneno hayohayo kwenye harusi ya binti yangu, mbele ya padri, nikisema ni ya Buddha. Padri alitikisa kichwa kwa heshima.

*Mama Kaseti, mimi nina miaka kumi na moja. Nilitazama Le Samouraï na babu. Je, yule ndege alipona?*
*Ruashi*

Mjukuu wangu, wewe ndiwe msomaji mwenye akili kuliko wote wa juma hili, maana umemtazama anayefanya kazi. Ulimwona alivyohangaika ndani ya tundu na kuangusha manyoya baada ya polisi kuingia chumbani kwa siri? Jef alipoyaona yale manyoya ndipo akajua kwamba kuna mtu aliyeingia. Bila ndege asingekuta kile chombo cha kusikilizia walichokificha.

Ndani ya filamu, ndio, alipona. Nje ya filamu sitakudanganya, kwa kuwa na babu yako angekuambia. Melville alikuwa na studio yake mwenyewe, mtaa wa Jenner, Paris, na nyumba yake ilikuwa hukohuko. Mwezi wa sita 1967, wakiwa bado wanaipiga filamu hiyo, studio iliwaka moto, na ndege akafia humo. Alikuwa wa jamii ya chiriku, mdogo kama wale wanaokuja kwenye pumba nyuma ya nyumba yenu.

Mwambie babu arudishe mkanda mwanzo. Kama ni diski, basi msikilizeni tu tena, pale mwanzoni, kabla mtu hajasema kitu. Yule anayelia ni yeye.